Daktari Huchunguzaje Akili ya Mgonjwa?

Mtu aliyevunjika mguu hana haja ya kueleza mengi afikapo hospitali. Daktari huutazama mguu, huugusa, huupiga picha, na mfupa uliovunjika huonekana wazi hata kwa karani anayeandika cheti. Lakini mtu aletwaye hali amefungwa kamba mikononi, akipiga kelele na kuwatukana ndugu zake, atapigwa picha ya kitu gani? Hakuna mashine ionyeshayo wazimu, wala hakuna kipimo cha damu kiwezacho kusema, "Huyu ana skizofrenia, na huyu hana."

Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba madaktari wa magonjwa ya akili hubahatisha tu, au kwamba husikiliza maneno ya ndugu wa mgonjwa kisha wakaandika dawa. Sivyo. Iko njia ya kuchungua hali ya akili, yenye utaratibu wake kama ule wa kuchungua moyo na mapafu, na kila daktari na kila tabibu hufundishwa njia hiyo. Vyombo vyake ni macho, masikio na maswali. Ikifuatwa vema huokoa maisha. Ikifanywa kwa pupa, mtu mwenye homa kali hufungiwa pamoja na wagonjwa wa akili mpaka homa ikamwua, na mtu mwenye akili timamu huandikwa kuwa mwenda wazimu kwa sababu tu hakuelewana na mkalimani.

MTU ALIYEFUNGWA KAMBA

Ufuatao ni mfano wa jambo litokealo mara nyingi katika hospitali za wilaya. Mkulima wa nchi ya baridi, mwenye umri wa miaka kama 40, alikwenda Busia kumzuru dada yake aliyeolewa huko. Alirudi akiwa mzima. Baada ya siku 10 hivi akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Usiku aliwaona mbuzi ndani ya nyumba, ambao hakuna mwingine aliyewaona, akainuka kuwafukuza kwa fimbo, nusura ampige mtoto. Ndugu zake wakamfunga. Wengine walisema amerogwa na jamaa za shemeji yake. Wengine walisema ni bangi. Siku ya tatu wakakodi gari wakamleta hospitali, nao walipofika mlangoni walikuwa wamekwisha amua wenyewe kwamba ni wazimu, na walichotaka ni barua ya kumpeleka Nairobi.

Tabibu aliyewapokea alikuwa kijana wa kike. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumsalimu yule mgonjwa mwenyewe, si ndugu zake. "Shikamoo, baba. Poleni na safari." Kisha akaomba kamba zifunguliwe, wauguzi wawili wakiwa karibu. Watu wengine huona hayo kuwa ni adabu tupu, lakini tabibu alikuwa ameanza kazi yake. Mtu asalimiwaye ama hujibu au hakujibu. Ama humtazama amsalimuye au hutazama pembeni. Na jibu lake ama lapatana na salamu au halipatani nayo. Yule mkulima alijibu, "Marahaba," akanyamaza, akasinzia kidogo, akazinduka, akaanza kuchezea pindo la blanketi kana kwamba anaokota vijiti.

"Baba, hapa tulipo ni mahali gani?"

"Hapa ni sokoni."

"Na leo ni siku gani?"

Hakujibu. Alikuwa akitazama pembe ya chumba.

"Nitajie siku za juma kwa kurudi nyuma, tangu Jumapili."

"Jumapili, Jumamosi, Ijumaa … wale mbuzi wataingia kwenye mahindi."

Mke wake aliulizwa maswali machache tu. Je, amepata kuwa hivi siku nyingine zozote? La, kamwe. Hali hii ilianza lini? Siku tatu zilizopita. Je, siku nzima huwa namna moja? La, asubuhi ya jana alikuwa mtulivu, akamtambua mkewe na kuomba uji, lakini jua lilipokuchwa akapotewa tena.

Hapo tabibu hakuandika neno "wazimu" popote. Aliandika kwamba mgonjwa husinzia na kuzinduka. Kwamba hajui mahali alipo wala siku. Kwamba hawezi kushika swali moja mpaka mwisho. Kwamba aona wanyama wasiokuwapo. Na kwamba hali hiyo hupanda na kushuka, ikizidi usiku. Kwa mtu aliyefundishwa, maneno hayo matano ni kama ramani. Wagonjwa wengi wenye wazimu wa siku nyingi hujua vizuri kwamba leo ni Jumanne na kwamba wako hospitali, hata kama wasema kwamba mkubwa wa hospitali ni mpelelezi aliyetumwa kuwaua. Tena mara nyingi zaidi wao husikia sauti kuliko kuona vitu. Lakini mtu ambaye makini yake yenyewe imevunjika, aonaye wanyama, ambaye alikuwa mzima juma lililopita, huyo aweweseka. Na kuweweseka maana yake ni kwamba mwili una ugonjwa, na ugonjwa huo umeufikia ubongo.

Magonjwa yawezayo kufanya hivyo ni mengi. Malaria kali ni mojawapo, na homa ya mapafu, na homa ya matumbo, na ugonjwa wa utando wa ubongo. Sukari ya damu ikishuka sana kwa mtu atumiaye dawa ya kisukari, aweza kupigana na watu kama mlevi, na akipewa sukari hutulia baada ya dakika chache. Mlevi wa miaka mingi aachaye pombe ghafula aweza kutetemeka na kuona wadudu ukutani siku ya pili au ya tatu. Mara nyingine hilo hutokea wodini, ambako amelazwa kwa kuvunjika mkono na hakuna aliyemwuliza habari za pombe. Mzee wa miaka 80 aweza kuanza kuweweseka kwa sababu ya ugonjwa wa mkojo tu. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, hospitali za wenda wazimu zilikuwa na watu wengi ambao ugonjwa wao ulikuwa pelagra, yaani upungufu wa chakula bora uwapatao watu waishio kwa mahindi karibu peke yake. Daktari Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchungua ugonjwa huo mwaka 1914, alionyesha kwamba dawa yake ni maziwa, nyama na mayai.

Kwa hiyo tabibu aliagiza mgonjwa apimwe joto, sukari, na damu kwa malaria, kabla ya mtu yeyote kusema habari za gari la Nairobi.

KUTAZAMA NA KUSIKILIZA

Si wagonjwa wote wawewesekao. Wengi huja kwa miguu yao wenyewe, wamekaa vizuri kitini, na kwao uchunguzi huwa mrefu zaidi.

Daktari hutazama mavazi na mwili. Mwanamume aliyevaa makoti matatu juani, au mwalimu ambaye zamani alikuwa nadhifu na sasa hajaoga kwa mwezi mzima, wana jambo la kueleza. Hata hivyo hapana budi kuwa na busara. Mkulima aliyetoka shambani kwa haraka ana matope miguuni, na matope si dalili ya ugonjwa. Kijana asiyemtazama daktari machoni huenda ana huzuni, au huenda amelelewa vizuri tu na kufundishwa kutowakazia macho wakubwa zake. Daktari asiyeijua desturi hiyo ataandika ugonjwa mahali palipo na adabu.

Kisha husikiliza usemi. Yuko mtu ambaye maneno yake hutoka kama mto uliofurika: asema habari za bei ya maziwa, mara habari za uchaguzi, mara awaahidi wauguzi wote nguo mpya, amelala saa mbili tu usiku na hana uchovu, na nyumbani amemwuza ng'ombe wake wa pekee ili awanunulie redio watu asiowajua. Watu humcheka, tena hupenda kukaa naye, lakini ni mgonjwa, na watoto wake watalala njaa. Yuko mwingine ambaye swali moja humchukua dakika nzima kabla ya kulijibu. Na yuko yule ambaye kila neno lake ni sahihi lakini hakuna kinachounga neno na neno, hata msikilizaji hujiuliza kama ni yeye mwenyewe aliyeacha kusikiliza.

Jambo kubwa hapa ni kuandika maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema. Karl Jaspers, daktari kijana wa Ujerumani ambaye baadaye akawa mwanafalsafa mashuhuri, alitoa kitabu mwaka 1913 akiwataka madaktari waeleze kwanza kwa uangalifu yale ambayo mgonjwa mwenyewe anayapitia, kabla ya kuyapa jina la ugonjwa. Daktari akiandika, "Ana wazimu," daktari wa kesho hana la kufanya ila kuamini. Akiandika, "Asema kwamba msomaji wa habari redioni hulitaja jina lake kila saa moja jioni," basi daktari wa kesho aweza kuuliza tena na kuona kama mambo yamebadilika.

Wala mtu asidhani kwamba wataalamu hawakosi. Katika miaka ya 1960 ilionekana kwamba hospitali za New York ziliandika skizofrenia mara nyingi kupita zile za London. Je, maji ya New York yalikuwa na sumu? Madaktari wa pande zote mbili walionyeshwa filamu zile zile za wagonjwa wakihojiwa, na Wamarekani wakaona skizofrenia mahali ambapo Waingereza waliona ugonjwa mwingine. Wagonjwa wa hospitali za miji hiyo walipohojiwa kwa maswali ya namna moja, tofauti ile kubwa ikatoweka karibu yote. Habari hizo zilitolewa katika kitabu mwaka 1972. Ugonjwa haukuwa na tofauti sana. Tofauti ilikuwa katika vichwa vya madaktari.

"NASIKIA"

Ikiwa madaktari wawili wenye lugha moja waweza kutofautiana hivyo, basi itakuwaje pale ambapo daktari na mgonjwa hawasikilizani lugha?

Lugha ya Kiswahili ina tendo moja ambalo limewatatiza wageni wengi. Mtu husema, "Nasikia sauti." Lakini pia husema, "Nasikia baridi," "Nasikia njaa," "Nasikia uchungu," wala hakuna asikiaye lolote kwa sikio. Mama mwenye wasiwasi wa siku nyingi aweza kumwambia daktari, "Nasikia moto kichwani, nasikia vitu vinatembea mwilini." Mkalimani mvivu akimwambia daktari mgeni kwamba mama huyu asikia vitu vikitembea, kalamu itaandika dalili ya wazimu, na mama ataanza kunywa dawa ambazo hazimfai, kumbe alikuwa akieleza tu taabu ya moyo wake kwa njia ambayo majirani zake wote wangeielewa. Ndivyo ilivyo pia na "naona." Mtu aonaye haya, aonaye kizunguzungu na aonaye tabu hajaona kitu kwa macho.

Daktari mwangalifu huuliza zaidi. Sauti hiyo yatoka ndani ya kichwa chako au yatoka nje, kama sauti yangu hii? Ni ya mtu unayemjua? Yasema nawe, au watu wawili wanasemezana habari zako? Yakuamuru kufanya jambo? Swali hili la mwisho halina budi kuulizwa, kwa maana mtu aamriwaye na sauti kumdhuru mwanawe ni hatari ya leo, si ya kesho. Lakini mjane ambaye, mwezi mmoja baada ya mazishi, husikia mumewe akikohoa uani alfajiri, yeye ni mwenye msiba. Jambo hilo huwapata wengi katika nchi nyingi, na hupungua lenyewe.

Imani nazo zina matatizo yake. Vitabu vya udaktari husema kwamba wazo la wazimu ni lile ambalo mtu hulishika kwa nguvu bila sababu, haliachi hata akionyeshwa ukweli, na ambalo halilingani na imani za watu wake. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye maana hapa. Mkulima asemaye kwamba amerogwa huenda amekosea, lakini ikiwa mkewe, kaka zake na nusu ya kijiji wasema vilevile, daktari hawezi kumwita mgonjwa wa akili kwa neno hilo peke yake. Ingembidi akilaze kijiji kizima. Njia ya kupima ni rahisi, nayo ni kuwauliza ndugu. Wakisema, "Ndiyo, sote twadhani hivyo," ni jambo moja. Lakini wakitazamana wakasema, "Hata sisi twashangaa; asema amerogwa na gavana kwa njia ya simu ya mkononi, na hata mganga wa kienyeji tuliyempeleka kwake alikataa kumtibu," hapo daktari amepata jibu lake. Waganga wa kienyeji wana sikio kali kwa mambo hayo.

MOYO MZITO

Hapa yafaa kusimulia habari za kosa moja kubwa lililofanywa katika nchi ya Kenya yenyewe.

Hospitali ya Mathari ilianzishwa Nairobi mwaka 1910, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, nayo ikapewa jina la Mathari mwaka 1924. Tangu mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na Daktari J. C. Carothers, ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipokabidhiwa kazi hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Ndani yake aliilinganisha akili ya Mwafrika wa kawaida na ile ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, akasema tena kwamba ugonjwa wa huzuni ni haba sana kwa Waafrika.

Alipataje kuamini hivyo? Sababu moja ilikuwa mbele ya macho yake. Aliwahesabu watu waliofika Mathari, na waliofika Mathari walikuwa wale waliovunja madirisha na kuwapiga watu. Mama aliyekaa kimya jikoni, asiyekula, asiyelala, anayesema kwamba moyo wake ni mzito na kwamba hana haja na dunia, hakuna polisi aliyemkamata wala chifu aliyemwandikia barua. Hakuhesabiwa kwa kuwa hakumsumbua mtu. Zaidi ya hayo, mtu hawezi kuyajua majonzi ya wengine kupitia kwa mkalimani aliyesimama mlangoni akingoja kwenda kula.

Jibu lilipatikana Uganda. Daktari John Orley, aliyekuwa ameishi kati ya Waganda na kuzichungua desturi zao, alikwenda yeye na Profesa John Wing katika njia tofauti na ile ya Carothers: badala ya kungoja wagonjwa hospitali, watu wa vijiji viwili walihojiwa huko huko kwao, kwa maswali ya utaratibu yaliyotumiwa pia London. Matokeo yalitolewa mwaka 1979. Ugonjwa wa huzuni haukuwa haba hata kidogo. Wanawake wa vijiji hivyo walionekana kuwa nao zaidi kuliko wanawake wa sehemu ya London waliolinganishwa nao. Miaka 26 ilikuwa imepita tangu kitabu cha Carothers, na katika miaka hiyo ni wanafunzi wangapi wa udaktari waliofundishwa kutouliza?

Ugonjwa huo, ambao siku hizi huitwa sonona, hauji ukijitangaza. Karani wa kaunti huja akisema kwamba ana maumivu ya tumbo na kichwa, na kwamba amekwisha kunywa dawa za vidonda vya tumbo miezi minne. Daktari mwenye haraka humwongezea dawa nyingine. Daktari mwenye kujua kazi huuliza: Unalala? Waamka saa ngapi? Chakula kina ladha? Je, yale mambo uliyoyapenda, mpira, kwaya, maongezi na rafiki, bado yakupendeza? Mgonjwa huyo mara nyingi huamka saa tisa usiku akabaki akitazama dari, na hakuna aliyepata kumwuliza.

Baada ya hayo hufuata swali ambalo ndugu wengi hawapendi lisikike. Daktari huuliza hatua kwa hatua: Je, umepata kuona kwamba maisha hayana maana? Umepata kutamani kufa? Umefikiri kujiua? Umefikiri kwa njia gani? Je, kitu hicho kiko nyumbani sasa? Watu huogopa kwamba swali lenyewe litatia wazo moyoni. Uzoefu na utafiti vimeonyesha kwamba haliingizi wazo. Wagonjwa wengi hupumua kwa nguvu kama mtu aliyetuliwa gunia. Ikiwa jibu ni kwamba sumu ya kupulizia mimea iko chini ya kitanda, basi uchunguzi umekwisha kuwa kazi ya kuokoa: sumu iondolewe leo, na mtu huyo asiachwe peke yake.

Nchini Kenya swali hili lilikuwa na mwiba mwingine. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, awezaye kufungwa hadi miaka 2. Mgonjwa aliyejua sheria hiyo alisema, "Nilikunywa dawa ile kwa kudhani ni maji," na daktari akajua ni uongo, na wote wawili wakanyamaza. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba.

KUPIMA KUMBUKUMBU

Sehemu hii ndiyo ifananayo na mtihani wa shule, nayo huwafanya wazee wengine wakasirike. Mgonjwa hutajiwa vitu vitatu, kama vile jembe, chungu na kiatu, kisha huulizwa tena baada ya dakika chache. Huambiwa ahesabu kutoka 100 akipunguza 7 kila mara: 93, 86, 79, 72, 65. Huonyeshwa saa na kalamu avitaje majina. Kipimo kilichoenea zaidi kilitolewa Marekani na Folstein na wenzake mwaka 1975. Kina alama 30, na mwenye chini ya 24 hushukiwa kuwa na upungufu.

Lakini kipimo hicho kilitungwa kwa watu waliokwenda shule. Bibi asiyepata kushika kalamu maisha yake yote ataanguka kwa sababu ya kutakiwa kuandika sentensi, na wala si kwa sababu ya ubongo wake. Kwa hiyo daktari mwenye busara hubadili maswali. Bibi alikwenda dukani na shilingi 100 akanunua sukari ya shilingi 70, alirudishiwa ngapi? Wajukuu ni wangapi, na nani aliyezaliwa mwisho? Mvua za vuli zilichelewa mwaka huu au la? Mahindi yamepandwa au bado? Mwenye kukosea hayo yote, na ambaye mkwewe asema kwamba mwezi uliopita alipotea njia ya kisimani aliyoipita miaka 50, huyo ana ugonjwa, hata kama husalimu vizuri na kutabasamu. Methali nazo hutumiwa, daktari akiuliza maana ya "Haba na haba hujaza kibaba," aone kama mgonjwa atasema habari za subira au habari za kibaba. Ni swali zuri kwa mtu aliyekulia katika Kiswahili. Kwa mwingine halipimi kitu ila Kiswahili chake.

Mwisho mgonjwa huulizwa kama yeye mwenyewe aona kwamba ni mgonjwa. Majibu si ndiyo au la tu. Yuko akubaliye kwamba analo tatizo lakini asema latoka kwa jirani. Yuko asemaye kwamba haumwi kabisa, lakini atakunywa dawa ili mamake apate usingizi. Na huyo mara nyingi hupona mapema kuliko msomi akubaliye kila neno la daktari kisha akatupa vidonge chooni.

SIKU YA TATU WODINI

Damu ya yule mkulima wa nchi ya baridi ilionekana kuwa na malaria nyingi. Huko kwake juu mbu wa malaria ni wachache, na mtu asiyeizoea humshika kwa ukali. Hakuna jirani aliyefikiri habari za mbu kwa kuwa hakuna aliyeikumbuka safari ya Busia isipokuwa kwa ajili ya uchawi wa shemeji. Alidungwa sindano za artesunate usiku ule ule, akatiwa maji ya mshipa, na sukari yake ikapimwa mara kwa mara.

Hali ya akili haichunguzwi mara moja tu. Asubuhi iliyofuata tabibu aliuliza maswali yale yale. Mgonjwa alijua ni hospitali, lakini si hospitali gani, na siku za juma zilimpotea Alhamisi. Yote yakaandikwa chini ya yale ya kwanza. Siku ya tatu alikuwa amekaa kitandani akinywa uji, mkewe pembeni. Alama za kamba zilikuwa bado zaonekana mikononi.

"Baba, nitajie siku za juma kwa kurudi nyuma."

Akazitaja zote saba bila kusita. Kisha akamwuliza mkewe ni nani anayemkamua ng'ombe, na akamwuliza tabibu kwa nini kila asubuhi anapewa maswali ya watoto.